Gazeti la Herufi Tatu

Leo nakuletea picha usiyoiona, nami nitaieleza polepole ili hata uliye jikoni au njiani uweze kuifuata. Ni picha ndogo: sentimita 29 kwenda juu, 37 kwenda pembeni. Umbo lake ni la yai lililolazwa. Pale ambapo ungetarajia fremu ya mbao iliyopakwa dhahabu, pamezungushwa kamba, kamba ya kweli ya katani. Aliitengeneza Pablo Picasso jijini Paris mwezi Mei 1912, na leo inahifadhiwa katika jumba la makumbusho lenye jina lake, mtaa wa Marais, katika jiji hilo hilo.

Sasa tuangalie vilivyomo. Upande wa juu, kushoto, zipo herufi tatu kubwa za chapa: J, O, U. Juu ya herufi hizo umepita mrija wa kiko. Katikati pamesimama kitu kilichokatwa vipande vya kijivu na kahawia, na ukivumilia kidogo unaanza kuona kwamba ni glasi. Kulia upo mpini wa kisu, kipande cha limau, na kombe la baharini. Chini ya vitu hivi, kuelekea kushoto, kuna sehemu iliyosukwa kwa henzerani, kama kalio la kiti cha mgahawani, na matundu yake yamepangika vizuri mno. Ukiitazama kwa mbali utaapa kwamba mchoraji alikesha akichora tundu moja baada ya jingine.

Hakuchora hata tundu moja. Alichukua kipande cha kitambaa cha meza cha mpira, kile ambacho wengi wetu tumekula juu yake tangu utotoni, chenye maua au matunda yaliyochapwa na mashine. Chake kilichapwa mfano wa henzerani. Akakikata, akakibandika kwenye turubai, kisha akapitisha juu yake mistari ya rangi kama vivuli, ili kishikamane na glasi na gazeti. Wanahistoria wengi wa sanaa huihesabu picha hii kuwa kolaji, yaani picha ya vipande vilivyobandikwa, ya kwanza katika uchoraji wa Ulaya.

Naomba ukae hapo kidogo, maana hapo ndipo utamu wake ulipo. Sehemu inayofanana zaidi na kitu halisi ndiyo yenye uongo mkubwa kuliko zote: haina henzerani wala mkono wa fundi, ni wino wa kiwandani. Glasi, ambayo haifanani na glasi yoyote uliyowahi kuishika, ilichorwa kwa mkono na kwa kufikiri sana. Gazeti ni herufi tatu tu. Kamba ni kamba kweli, lakini imepewa kazi isiyo yake, ya kuwa fremu, au labda ya kuwa ukingo wa meza. Kila kitu kinatwambia kipo, na kila kimoja kinatwambia kwa njia yake. Picha hii haituulizi kama vitu hivi vimefanana na vya kweli. Inatuuliza tunavitambua kwa ushahidi gani.

Jibu langu ndilo linalonifanya nikae mbele ya kipaza sauti leo. Tunavitambua kwa sababu tunavijua tayari. Wachoraji wa kubizimu, kama mtindo huu unavyoitwa, walichagua glasi, chupa, gazeti, kisu, gitaa na kiko kwa sababu ni kitu cha kila siku pekee kinachoweza kuvunjwa vipande na bado kikatambulika. Mvunje mfalme usiyemjua, utabaki na vipande. Ivunje glasi unayonywea kila asubuhi, mstari mmoja tu wa mdomo wake utakutosha. Mzee aliyekulia barazani, umwoneshe mashimo mawili yenye kete basi, atakwambia hilo ni bao, na huenda akakwambia na mchezo umefikia wapi.

Ndiyo maana siafiki watu wanaposema kwamba Mwafrika wa Mashariki, au mtu yeyote asiyesomea sanaa, haziwezi picha hizi. Kinachotutatiza mara nyingi ni kwamba hatukukaa kwenye meza ile. Mtu wa Paris wa mwaka 1912 hakuhitaji kuelezwa JOU. Kulikuwa na gazeti maarufu la kila siku likiitwa Le Journal, lililoanza mwaka 1892, na lilikuwa juu ya meza za migahawa mji mzima. Kadhalika, katika picha nyingine, alipoona pembetatu nyekundu kwenye chupa alijua ni bia ya Bass kutoka Uingereza, ambayo pembetatu yake ilisajiliwa mwaka 1876, ikiwa alama ya kwanza ya biashara kusajiliwa katika nchi hiyo. Alipoona neno Suze alikumbuka ladha ya kinywaji cha manjano, kichungu, kinachotengenezwa kwa mizizi ya mmea wa milimani. Hizo ndizo funguo alizokuwa nazo. Sisi tunazitafuta, na zinapatikana. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kuielewa picha ya namna hii ni huu: ijue kwanza meza, kisha ndipo uitafute picha.

Tena meza hiyo ilidharauliwa kwa muda mrefu. Mwaka 1667, André Félibien, mwandishi wa Chuo cha Kifalme cha Uchoraji cha Ufaransa, alipanga ngazi za heshima za picha. Juu kabisa aliweka picha za historia na mafumbo matukufu, zikafuata za watu, kisha wanyama hai, kisha mandhari. Chini kabisa akaweka matunda, maua na makombe. Jean Siméon Chardin, bingwa wa masufuria na vikombe, alipopokewa chuoni mwaka 1728 aliingizwa kwa cheo cha mchoraji wa wanyama na matunda. Kisha akaja Paul Cézanne na maapulo yake. Alichora meza ambazo ukingo wake unapotea nyuma ya kitambaa na kutokea upande wa pili juu zaidi au chini zaidi, kana kwamba fundi alikosea kipimo. Alifariki mwaka 1906, na mwaka uliofuata picha zake zilipooneshwa kwa wingi jijini Paris, vijana waliona kwamba meza inaweza kubeba fikra nzito kama uwanja wa vita. Na tazama: mwaka 1912 kombe la Félibien limo ndani ya picha ya Picasso. Sidai kwamba Picasso alikuwa akimjibu. Nafurahi tu kwamba limo.

Jina la kubizimu lenyewe lisikupoteze. Limetokana na maneno ya mhakiki Louis Vauxcelles, aliyeandika mwezi Novemba 1908 kuhusu maonyesho ya Georges Braque, akisema mchoraji huyo anageuza kila kitu kuwa michemraba. Braque alikuwa amechora nyumba za L'Estaque, kusini mwa Ufaransa, na kweli nyumba zile zinafanana na maboksi yaliyopandana. Lakini katika picha yetu ya kamba hutaupata mchemraba hata mmoja.

Shuleni na katika vitabu vingi, maelezo hutolewa hivi: mkubisti anakionesha kitu kutoka pande zote kwa wakati mmoja. Weka glasi mezani uitazame kutoka juu, mdomo wake ni duara. Inama uitazame kwa usawa wa macho, mdomo umekuwa mstari. Mchoraji wa zamani alilazimika kusimama mahali pamoja na kuchagua. Mkubisti anakupa duara na mstari pamoja. Maelezo haya yana kweli ndani yake, hasa kwa picha za 1909 na 1910, lakini naona hayatoshi. Jaribu kuvikusanya vipande vya glasi ya Picasso upate glasi nzima ya pande zote; havikusanyiki. Kipande hiki kinaonesha mng'ao, kile ni kivuli, kile pengine ni hewa iliyo kati ya glasi na kisu. Vipande hivyo havikuwekwa ili upime glasi. Viliwekwa ili uitambue.

Hapo inatulazimu tusafiri hadi Afrika Magharibi, kwa sababu njia ya kuifikia fikra hiyo ilipita huko. Picasso alikuwa na vinyago vya Wagrebo, watu wa Liberia na Côte d'Ivoire. Katika vinyago hivyo, macho ni mirija miwili ya mti inayochomoza mbele. Fikiri juu ya jambo hilo. Jicho la mtu limezama ndani ya kichwa, na mchongaji ameligeuza litoke nje, lakini hakuna anayekitazama kinyago kile akashindwa kuona macho. Yule mchongaji hakukosea jicho. Alijua kwamba alama haihitaji kufanana na kitu, inahitaji kukaa mahali pake katikati ya alama nyingine: pua hapa, mdomo pale, basi hiki hakiwezi kuwa kingine ila jicho. Daniel-Henry Kahnweiler, aliyeuza picha za Picasso na Braque, aliandika baadaye kwamba vinyago vya namna hii ndivyo vilivyowafungua macho. Mwaka huo huo wa 1912 Picasso alitengeneza gitaa la karatasi ngumu, na tundu lake, badala ya kuwa shimo, likawa bomba linalochomoza. Ni jicho la Mgrebo limehamia kwenye gitaa.

Linaniuma kwamba vitabu vinatutajia jina la mwuza picha, mhakiki, wapenzi wa mchoraji, hata mtaa walikokunywa kahawa, na jina la mchongaji yule halimo. Waliochukua vinyago na kuvipeleka Ulaya hawakuuliza. Ukiifasiri picha ya glasi na gazeti bila kumtaja mtu huyo, umeacha nje mmoja wa walimu wake.

Mwalimu mwingine alikuwa Braque, na shule yake ilikuwa karakana. Alizaliwa mwaka 1882, akakulia Le Havre, mji wa bandari, katika ukoo wa mafundi wa kupaka rangi nyumba. Akiwa kijana alijifunza kazi hiyo: kuiga marumaru kwa brashi, kuandika herufi za mabango, kupitisha chanuo la chuma kwenye rangi mbichi hadi ukuta wa kawaida uonekane kama ubao wa mwaloni. Ufundi ambao wachoraji wakubwa waliuona wa watu wa chini, yeye aliuingiza kwenye picha, akamfundisha na Picasso. Kabla ya hapo, katika picha yake ya fidla na mtungi iliyoko Basel, Uswisi, alikuwa amechora msumari juu kabisa, pamoja na kivuli chake, kwa namna ya kizamani inayodanganya jicho, huku fidla na mtungi chini yake vimepasukapasuka. Msumari ule naupenda sana. Unathibitisha kwamba angeweza kuchora kila kitu hivyo kama angetaka.

Kiangazi cha 1912 wawili hao walikuwa Sorgues, karibu na Avignon. Braque aliona dukani karatasi za ukutani zilizochapwa mfano wa mbao za mwaloni. Akangoja Picasso aende Paris, ndipo akazinunua, akakata mapande, akayabandika kwenye karatasi na kuchora kwa mkaa bakuli la matunda na glasi, pamoja na maneno ALE na BAR. Picasso aliporudi aliikuta kazi imekwisha. Hao ndio watu ambao Braque, uzeeni, aliwafananisha na wapanda milima wawili waliofungwa kamba moja. Ushindani wao ulikuwa mkali, na hakuna aliyeikata kamba hiyo.

Nirudi kwenye gazeti, maana hapo wataalamu wenyewe hawapatani. Mwezi Oktoba 1912 vita vya Balkan vilianza: Montenegro, Serbia, Bulgaria na Ugiriki dhidi ya Dola la Uthmaniya. Mwezi Novemba, Picasso alibandika kolaji ya chupa ya Suze, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Washington, jijini St. Louis, Marekani. Kuizunguka chupa kuna meza ya buluu, na kuizunguka meza ni safu za gazeti zinazosomeka. Ukizisoma unakuta habari za vita, za kipindupindu kilichowavamia askari, na za mkutano mkubwa wa wapinga vita nje kidogo ya Paris. Sehemu nyingine zimebandikwa juu chini. Wapo wanaosema tusiyasome maandishi hayo: kwa Picasso gazeti lilikuwa rangi ya kijivu tu, mistari myembamba ya kuonesha kivuli au hewa. Wapo wanaosema yamechaguliwa kwa makusudi, na picha ni kilio cha siasa.

Mimi niko karibu zaidi na hawa wa pili, ingawa sivuki mpaka nao. Picasso alikuwa mtu wa kusoma magazeti mgahawani na rafiki zake, na habari za Balkan zinajitokeza katika kolaji zake kadhaa za majuma yale, si moja. Katika nyingine, yenye gitaa na muziki ulioandikwa, kichwa cha habari kinasema wazi kwamba mapigano yameanza. Mtu huyu alijua kusoma. Hata hivyo sioni kwamba ameligeuza gazeti kuwa bango. Ameliacha mezani, kando ya chupa, mahali ambapo vita humfikia mtu asiyekuwa vitani: unainua glasi, unaisoma safu ya majeruhi, unaishusha glasi. Kwangu hiyo ni kweli chungu kuliko bango lolote. Miaka miwili baadaye vita vikawafikia wao wenyewe. Tarehe 2 Agosti 1914 Picasso alimsindikiza Braque kituo cha treni cha Avignon akienda jeshini. Mwaka uliofuata Braque alijeruhiwa kichwani vibaya. Kahnweiler, kwa kuwa alikuwa Mjerumani, alinyang'anywa mali yake na serikali ya Ufaransa, na mamia ya picha za meza na glasi yakapigwa mnada kati ya 1921 na 1923.

Swali ambalo msikilizaji makini angeniuliza ni hili: kama kila mtu anasoma vipande, nani atatuzuia kuona chochote tutakacho? Nitajibu kwa mfano mmoja mgumu. Juan Gris, mzaliwa wa Madrid aliyehamia Paris mwaka 1906, alichora mwaka 1915 meza yenye kitambaa cha miraba: zabibu, chupa ya divai, bia ya Bass, gazeti, gitaa, kikombe cha kahawa. Picha hiyo iko katika jumba la Metropolitan, New York. Wataalamu wa huko wanasema ndani yake kimefichwa kichwa cha fahali. Kikombe kilichoko chini ni pua yake. Miduara ya nyeusi na nyeupe upande wa kushoto ni jicho. Chupa ya bia upande wa kulia ni sikio. Kingo za gitaa zinazopinda ni pembe. Na kwenye lebo ya divai zimebaki herufi EAU, ambazo ni za Beaujolais, lakini pia ndizo zinazomaliza neno la Kifaransa la fahali.

Nilipolisikia jambo hili mara ya kwanza nilishuku. Ningeambiwa pembe tu, ningekataa, maana mistari miwili inayopinda ni pembe ya chochote. Ila pua, jicho, sikio na pembe vimekaa kila kimoja mahali pake, kwa mpangilio wa kichwa, kama mirija ya kinyago cha Mgrebo ilivyokaa mahali pa macho, na mchoraji ni Mhispania aliyekulia kwenye mji wa michezo ya fahali. Kwa kipimo hicho naukubali usomaji huo. Kwa kipimo hicho hicho naukataa ule unaosema kwamba henzerani ya Picasso inaonekana kupitia meza ya kioo, kiti kikiwa chini yake. Mchoraji mwenyewe amepaka vivuli juu ya henzerani, na glasi imekanyaga palepale. Sioni ushahidi wa kioo katikati. Naiona kuwa kitambaa cha meza, na yai lote hilo, pamoja na kamba yake, ni uso wa meza iliyoinuliwa na kusimamishwa ukutani. Anayeona tofauti anioneshe ni kipande gani kinachomwambia hivyo, nami nitamsikiliza.

Picasso hakuiuza picha hiyo ndogo. Alikaa nayo hadi alipofariki mwaka 1973, na ikaingia mikononi mwa serikali pamoja na kazi nyingine zilizotolewa kulipa kodi ya urithi. Braque alipona jeraha lake, akarudi kwenye glasi, matunda na magitaa, akayachora kwa miaka mingine zaidi ya arobaini. Mwaka 1961 jumba la Louvre, ambako chuo kile cha kifalme kilifanya maonyesho yake kwa miaka mingi, lilimfungulia vyumba vyake. Hakuna mchoraji aliye hai aliyewahi kupewa maonyesho ya peke yake humo kabla yake.